Oksijeni Yangu Umeipeleka Wapi

2 Julai

Kwa mpwa wangu,

Mimi mjomba wako nina miaka sabini na tisa. Nimeishi muda mrefu kuliko kamera sita, kuliko studio zote za mtaa huu, kuliko ndugu zangu wote akiwemo marehemu mama yako, na kuliko yule daktari aliyenikataza chumvi. Yeye kaenda, chumvi ipo, na mimi nipo. Naanza hivyo ili ujue anayekuandikia si mtu wa kubabaishwa.

Kama umeamka salama, basi na sisi huku tumeamka. Mkazamjomba wako anakusalimu, goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Kinyozi jirani yangu naye anakusalimu, bado ananyoa na bado anabisha. Yule bwana wa kiwandani kwenu vipi, hajambo? Mbona siku hizi humtaji?

Utaona mwandiko wangu unapanda na kushuka. Shule niliiacha mapema, hilo unalijua, lakini safari hii kosa ni la kalamu. Kalamu za siku hizi zina wino hafifu, mtu anaandika hajui kama ameandika. Na usiniambie nipige simu. Kwenye simu unanikatisha maneno.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya bahasha kuna kadi ya kamera, na ndani ya kadi kuna Shela. Unakumbuka uliponionesha lile wingu la gesi kitabuni, ukaniambia ni mabaki ya nyota iliyopasuka zamani, nami nikakwambia hiyo si nyota, hilo ni shela la bibi harusi limechukuliwa na upepo? Ulicheka mpaka chai ikakumwagikia. Basi nimelikamata lote.

Uliponiletea darubini na hiyo kamera yako isiyojua rangi nilidhani wamekuuzia mbovu. Kitu kipya, halafu kinaona kijivu tu! Sasa nimeiheshimu. Inafanya kazi kama mimi, inachukua mwanga kwanza, rangi baadaye. Nimepiga kwa vichujio vyako vyote, kimoja kimoja. Nyekundu, kijani na buluu kwa ajili ya nyota. Halafu vile viwili vyembamba, cha haidrojeni na cha oksijeni, vinavyozuia mwanga wote mlangoni na kupitisha uzi mmoja tu. Haidrojeni haina shida, imejaa tele. Oksijeni ndiyo bahili. Nimeikusanya muda wote mwezi ulipokuwa haupo, mpaka mkazamjomba wako akauliza kama nimeoa mke wa pili juu ya paa.

Wewe una kompyuta, mimi nina giza, taa za mjini kwenu zimekula anga yote. Kwa hiyo tumegawana kazi. Lakini usisahau fundi ni nani. Mimi ndiye niliyewapaka maharusi wa mji huu midomo, kwa pamba na kijiti, kwenye picha za kijivu, kabla baba yako hajajua kufunga viatu. Picha ya kijivu ndiyo mwili, rangi ni nguo. Usimvalishe mtu nguo inayomzidi. Na hiyo oksijeni nataka niione, buluu yake yote, maana nimeitolea jasho.

Nilijikwaa kwenye ngazi ya paa, si neno, ile taa imefungwa vibaya.

Ni mimi mjomba wako, mpiga picha.


18 Julai

Shikamoo Mjomba,

Barua na kadi vimefika, na kadi haikupata hata mkwaruzo, umeifunga kwa vitambaa kama mtoto mchanga. Mimi sijambo. Kazini tunachapa lebo za makopo ya rangi za nyumba, kutwa nzima naangalia rangi za watu wengine, kwa hiyo Shela limenipumzisha. Mpe pole mkazamjomba kwa goti. Mwambie dawa ya kuchua ninayotuma aipake yeye, usiijaribu kwenye lile gurudumu la kamera linaloshika vichujio.

Sasa nikueleze nilivyofanya, maana najua utauliza. Haidrojeni nimeipeleka kwenye nyekundu. Oksijeni nimeipeleka yote kwenye buluu, na sehemu yake kwenye kijani, ndiyo inaleta ile rangi ya katikati, kama maji ya bwawa la kuogelea. Zikikutana mahali pamoja zinakuwa karibu na nyeupe. Shida ilikuwa nyota. Nyota zilizopita kwenye vichujio vyembamba zinatoka zambarau, hazina ukweli wowote. Nimezifuta zote, nikabaki na wingu tupu, halafu nikarudisha juu yake nyota ulizopiga kwa nyekundu, kijani na buluu. Ndiyo maana sasa kila moja ina rangi yake, nyingine dhahabu, nyingine nyeupe ya baridi. Mwili kutoka picha hizi, macho kutoka picha zile, nawe hutaona mshono.

Oksijeni yako ni nzuri sana, Mjomba. Upande wa chini wa Shela kuna nyuzi zimesukwa kama nywele. Sijawahi kuziona kwenye picha ya mtu mwingine. Nimekuchapia kwa mashine nzuri ya hapa kazini, picha iko ndani ya kadibodi.

Kitu kimoja tu. Nyota za zile picha za mwisho zimevimba, kama vifungo vya koti. Ule mfuniko wa mistari, unaokuonesha kama darubini imerekebishwa mpaka nyota ziwe kali, uliutumia? Mistari yake uliiona vizuri?

Na hiyo taa ya ngazi niliifunga mimi, mwaka juzi, ukaisifu mbele ya kinyozi. Umejikwaa kweli au umeanguka?

Mpwa wako.


6 Agosti

Kwa mpwa wangu,

Salamu tutapeana, lakini fupi. Mkazamjomba wako hajambo, dawa imemfaa, kwa hiyo sasa ananifuata kila chumba. Kinyozi amenunua kiti kipya kinachozunguka, anajizungusha mwenyewe kutwa nzima, wateja wanasubiri. Kwa yule bwana wa kiwandani hukunijibu.

Picha nimeipata. Nimeiangalia ndani, nimeiangalia mlangoni, nimeipeleka mpaka nje kwenye jua. Sasa nakuuliza swali moja, nalo unijibu kiutu uzima: oksijeni yangu umeipeleka wapi?

Ninachokiona hapa ni nyekundu, tena nyekundu ya kutu, na chini yake weusi. Hizo nyuzi zako za kusukwa ziko wapi? Maji ya bwawa yako wapi? Bibi harusi umemvalisha nusu, nusu nyingine umeiacha dukani! Kama kadi iliharibika, sema. Kama ulichoka ukaona haidrojeni inatosha, sema, mimi si mtu wa kununa. Lakini usinipambie maneno halafu uniletee picha ya kutu.

Na karatasi mnayotumia ni ya njano. Mpya, lakini njano kama imekaa dirishani. Kiwanda kizima, hamna karatasi nyeupe?

Wewe hujui rangi nilizopaka mimi. Mwenye duka la vitambaa alipooa, mkewe alikuja studio na picha niliyompaka, akaenda nayo dukani kutafuta rangi ya midomo inayofanana na ile ya kwenye picha. Si mimi niliyemfuata yeye, yeye alinifuata mimi. Mke wa mtu, kaiga picha yake mwenyewe! Fundi wa namna hiyo hawezi kuambiwa buluu ipo wakati haipo.

Nyota zimevimba kwa sababu ya upepo. Mfuniko nimeutumia, mistari nimeiona. Na kwenye ngazi nilijikwaa, nimeshasema.

Mjomba wako.


21 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Pole na jua la kusimama mlangoni. Huku nipo, kazi ni nyingi, wametupunguza watu, lakini nipo. Mkazamjomba nimeongea naye kwa simu, nimefurahi goti linapona.

Sikutupa oksijeni yako. Nisingethubutu. Nilipopata barua yako nilirudi nikafungua kila kitu upya, nikidhani pengine mashine ya kuchapa ndiyo iliyonisaliti. Nikachukua nakala iliyobaki nikaipima kwa kile chombo chetu cha kupimia rangi, kile tunachokitumia kwa lebo. Buluu ipo, Mjomba. Na karatasi ni nyeupe.

Sitaki tubishane kwa barua, kila mmoja ana lake na posta inachukua siku zake. Ndani humu kuna picha mbili za Shela. Moja ina haidrojeni na oksijeni. Nyingine nimeiondoa oksijeni kabisa, imebaki haidrojeni peke yake na nyota. Nyuma ya moja nimechora duara, nyuma ya nyingine mstari. Usigeuze kwanza. Ziweke mezani mchana, ziangalie, uniambie ipi ndiyo yenye oksijeni. Ukipenda, mkazamjomba naye aangalie.

Hilo tu. Nasubiri.

Mpwa wako.


12 Septemba

Kwa mpwa wangu,

Sisi wazima. Natumaini na wewe u mzima, pamoja na hicho chombo chako cha kupimia.

Umenipima kama mtoto wa chekechea, sawa. Mtihani nimeufanya. Jibu ni kwamba umechapa picha moja mara mbili. Hakuna yenye oksijeni. Zote kutu.

Sasa sikiliza yaliyotokea, maana usije ukasikia kwa mdomo mwingine. Nilizipeleka kwa kinyozi, si kwa sababu namwamini, kwa sababu pale pana dirisha kubwa. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, hizi picha mbili zina tofauti?"

Akafuta mikono, akaziangalia mara moja tu. "Hii ina buluu huku chini. Hii haina."

Nikamwambia, "Angalia vizuri."

"Mzee, nimeangalia. Buluu kabisa. Kama shati la yule kijana aliyekaa pale."

Nikamgeukia huyo kijana. Shati lake lilikuwa la kijivu. Nikasema, "Shati gani?" Kijana mwenyewe akaliangalia shati lake. Nikazichukua picha nikazichanganya nyuma ya mgongo wangu nikamletea tena. Akaonesha ileile. Nikazichanganya tena, akaonesha ileile. Basi nikamwambia amechungulia alama za nyuma, na kwamba mimi siwezi kufundishwa rangi na mtu ambaye kazi yake ni kupunguza vichwa. Akasema, "Haya mzee, tusigombane," kwa sauti ya kumwambia mgonjwa. Tangu siku hiyo sijakanyaga pale. Nywele zangu nitazinyoa mwenyewe.

Nyumbani nikamuuliza mkazamjomba wako. Huyo wa kwangu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimuoe. Akazishika zile picha, akaniangalia mimi badala ya kuziangalia, akasema chai itapoa.

Kwa hiyo ninyi watatu mmekubaliana. Sijui mmekubaliana lini.

Mpwa wangu, nakuuliza kwa upole, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Nirudishie ile kadi. Nitatafuta mtu mwingine wa kuunganisha.

Mjomba wako.


26 Septemba

Shikamoo Mjomba wangu,

Leo sina habari za kutanguliza. Utanisamehe.

Hatukukubaliana. Kinyozi hakuchungulia. Yenye oksijeni ni ile yenye duara, na najua ndiyo aliyoionesha mara zote. Mkazamjomba alinipigia simu usiku ule ule, akaniambia jinsi unavyomimina chai pembeni ya kikombe, na jinsi unavyojifanya unasoma gazeti kumbe umelishika tu. Alinikataza kukuambia. Nimekaa na hilo tangu Septemba ianze, na nikisema kweli, tangu nilipoona nyota zimevimba.

Mjomba, ni macho yako. Nadhani ni mtoto wa jicho. Nilimuuliza daktari wa macho huku, bila kumtaja mtu, nikamwambia kuna mpiga picha anayeona karatasi nyeupe kuwa njano na buluu haioni kabisa. Hakuniuliza hata swali la pili. Akasema lenzi iliyo ndani ya jicho inageuka rangi taratibu kwa uzee, inakuwa njano, halafu kahawia, na mwenyewe hajui, kwa sababu anazoea kila siku kidogo.

Wewe ndiye utakayelielewa hili kuliko mimi. Jicho lako limejifungia kichujio lenyewe. Kinapitisha nyekundu, kinazuia buluu. Na tofauti na vile vya kwenye gurudumu, hiki huwezi kukizungusha ukaweka kingine.

Lakini wao wanaweza. Wanatoa ile lenzi iliyochakaa, wanaweka safi. Mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nitaomba ruhusa nije nikupeleke. Nitafika mwenyewe, nitakushika mkono, na sitamwambia mtu.

Kadi nitaituma ukitaka. Naomba usitake.

Mpwa wako.


10 Oktoba

Kwa mpwa wangu,

Barua nimeipata. Mvua zimeanza. Mkazamjomba wako hajambo.

Kaka yangu mkubwa, ambaye naye alikuwa mjomba wako ingawa hukumkuta, alikwenda hospitali ya macho akiwa anaona vibaya. Alirudi haoni hata vibaya. Mimi ndiye niliyempeleka, na mimi ndiye niliyemkatia kucha na kumnyoa ndevu mpaka siku ya mwisho.

Darubini nimeifunika turubai. Usije.

Mjomba wako.


19 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Nimeandika na kuchana, nikaandika na kuchana. Habari za mjomba mkubwa nilikuwa sizijui. Mama hakuwahi kunisimulia. Pole, ingawa pole yangu imechelewa kuliko umri wangu.

Yule bwana uliyekuwa ukiniuliza hayupo tena. Alikwishaniacha hata kabla ya Julai. Sikukujibu kwa sababu jambo likishaandikwa linakuwa limetokea. Wewe utanielewa.

Sitabishana na wewe juu ya hospitali. Nakutumia picha moja tu. Hii haina rangi, sijaunganisha kitu na kitu. Ni oksijeni yako peke yake, ya kijivu, kama ilivyotoka kwenye kamera. Kijivu ni kazi yako, huko siwezi kukudanganya. Niambie unaona nini.

Mpwa wako.


27 Desemba

Kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Salamu kwanza, na leo ni ndefu. Mkazamjomba wako anakusalimu. Goti limepona kabisa, sasa linauma lile jingine. Mvua imekatika. Kuta za studio zinataka chokaa, nilikuwa sijaziona.

Ile picha ya kijivu ilifika siku ya mawingu, nikaisubirisha mpaka jua lilipotoka, maana mimi sihukumu picha gizani. Nikaiweka mezani pale dirishani. Kijivu nakijua, mpwa wangu. Kijivu nimekilea. Nikaona Shela limekaa vizuri, na upande wa chini nikaziona hizo nyuzi zako, zimesukwa, moja inapita juu ya nyingine halafu inazama. Nikasema kumbe kijana huyu hakudanganya, oksijeni niliipata, tena ya kutosha.

Halafu nikachukua ile yenye duara nikaiweka ubavuni. Nikaweka kidole cha mkono huu penye nyuzi kwenye kijivu, na kidole cha mkono wa pili mahali palepale kwenye ile ya rangi. Huku nyuzi zipo. Huku matope. Nikahamisha vidole, nikavirudisha. Huku zipo, huku matope. Picha ni moja, anga ni moja, kidole ni changu. Kinyozi ningeweza kumkatalia, na wewe nilikwisha kukukatalia, na mke wangu nilikuwa najiandaa. Lakini ile oksijeni niliipiga mwenyewe.

Nikakaa. Mkazamjomba wako akaja akaniuliza, "Hasira zimekwisha, au umechoka?"

Nikamwambia, "Tafuta koti langu."

Sikukungoja uje kunipeleka hospitali, kwa sababu ningekungoja ningepata muda wa kufikiri. Kinyozi alifunga duka akaja nasi. Sikumwomba. Alisimama tu njiani na kofia yake, akasema, "Mzee, twende kabla hujabadilisha mawazo, na huko nyuma ulivyojinyoa umejiharibu." Njia nzima hakuna aliyemtaja kaka yangu. Walizungumza bei ya nyanya mpaka nikatamani kushuka.

Daktari ni binti mdogo, anaweza kuwa binti yako kama ungeanza mapema. Nilimweleza habari za lenzi tangu mwanzo, zile za kioo, zile za kamera ya sanduku, akasikiliza zote, halafu akasema, "Babu, sasa nyamaza kidogo, na mimi nifanye ya kwangu." Nikanyamaza. Akinamama wawili kwenye foleni walisema nimejikunyata ndani ya koti kama mwoga. Kilikuwa kiyoyozi. Nilimwambia daktari aanze na jicho la kulia, lile la kushoto libaki akiba, na kama ataharibu nitamjua kwa hilo la akiba.

Kesho yake nesi akaondoa bandeji. Kitu cha kwanza kilikuwa pazia la dirisha. Nikamuuliza, "Hili pazia ni rangi gani?" Akasema buluu. Nikamwambia, "Najua, nilitaka kuona kama na wewe unajua." Halafu nikageuka, na pale kwenye kiti nikamkuta mke wangu amezeeka bila kuniambia. Nywele zote nyeupe, mpwa wangu. Nyeupe kabisa, si zile za manjano nilizokuwa nazijua. Na huku pembeni ya macho mistari mizuri imejaa, ukipiga picha yake na mwanga wa dirisha hutahitaji kumpaka kitu. Nilimwangalia mpaka akaona haya, akasema, "Wewe, watu wanatuona."

Tuliporudi nyumbani hata koti sikuvua. Nikazitoa zile picha mbili. Nikafunga jicho jipya, nikaangalia kwa la zamani, kutu na kutu. Nikafunga la zamani, nikaangalia kwa jipya.

Sasa nakwambia kama fundi. Kwanza, kazi ni nzuri. Nyota ulizozirudisha zimekaa kama zilizaliwa hapo, mshono nimeutafuta sikuupata. Pili, buluu imezidi. Umeimwaga kama mtu aliyerithi kiwanda cha rangi. Ipunguze, acha ile ya chini peke yake, pale penye nyuzi usiguse hata kidogo. Nilikwambia tangu zamani, nguo isimzidi mtu. Tatu, zile picha zenye nyota zilizovimba zitupe. Haikuwa upepo. Nitapiga upya, msimu wa Shela ukirudi. Jicho la kushoto wamenipangia mwezi wa pili, nitakwenda, nimeshalizoea kuwa la akiba na sasa linanitia aibu.

Kwa yule bwana, sitauliza tena. Nilipaka maharusi wengi, na mabwana wao nao nilikuwa nawaona pembeni wakisubiri. Ukikaa nyuma ya kamera unajua ni nani anayemtazama mwenzake na ni nani anayetazama saa yake. Wako sikupata kumwona, kwa hiyo sisemi. Ila njoo. Darubini nimeifunua, na juu ya paa pana viti viwili.

Utaambiwa kwamba bandeji ilipotoka mzee alilia. Yale yalikuwa maji ya dawa. Nesi anajua, ndiye aliyeyatia, na mkazamjomba wako anajua, ndiye aliyeyafuta. Kuhusu mistari ya ule mfuniko, kweli sikuwa naiona, na hilo shahidi ni mimi mwenyewe. Kuhusu rangi, kama kuna mtu atakubishia kwamba mjomba wako anaiona buluu, mwambie aende kwa kinyozi. Nimekaa kwenye kiti chake mchana kutwa, akinishikia shati moja baada ya jingine la watu waliokuja kunyolewa, naye ananiuliza na mimi namjibu, na hakuna hata moja nililokosa. Muulizeni yeye. Huyo mtu anaona vizuri.

Ni mimi mjomba wako.